MAELEZO KUHUSU ADA ZA UANACHAMA NA MALIPO YA WASIO WANACHAMA KATIKA KLABU ZA MICHEZO YA FARASI

Katika nchi nyingi zenye klabu za kupanda farasi, mtu anayefika langoni huonyeshwa bei mbili kwa jambo lile lile. Mwanachama hutozwa kiasi kidogo kutumia uwanja kwa siku moja. Asiyekuwa mwanachama hutozwa zaidi, pengine karibu mara mbili. Uwanja ni mmoja, mchanga ni mmoja, na mwalimu ni yule yule. Hivyo si ajabu kusikia manung'uniko kwamba mgeni anaonewa, au kwa upande wa pili, kwamba mgeni anafaidi kitu asichokijenga.

Maelezo haya yamekusudiwa kufafanua sababu za tofauti hiyo, namna inavyokadiriwa, na mipaka iliyowekwa na sheria ili isigeuke kuwa ukuta wa kuwazuia watu. Mfano mkuu uliotumika ni Uingereza, ambako klabu hizi ni nyingi na ambako mahakama pamoja na Idara ya Mapato zimelazimika mara kadhaa kuamua nani ni mwanachama na nani ni mteja. Ujerumani na Marekani zimetajwa pale zinapoongeza jambo. Farasi ni mfano unaofaa kwa sababu gharama zake hazifichiki. Hata hivyo, hoja zitakazoelezwa zinaihusu kila klabu yenye daftari la wanachama na sanduku la fedha, iwe ya mpira wa miguu, ya taarab au ya mashindano ya ngalawa.

1. KLABU NI KITU GANI

Klabu si duka. Ni mapatano ya watu kuchanga fedha zao, na mara nyingi nguvu zao, ili wapate kwa pamoja kitu ambacho kila mmoja peke yake asingekimudu. Mwanachama anapolipa ada hanunui saa moja ya kupanda farasi. Anachukua sehemu ya mzigo wa mwaka mzima, na kwa kuuchukua anapata haki ya kupiga kura katika mkutano mkuu, kuona hesabu na kuchagua kamati. Asiyekuwa mwanachama hana kura wala mzigo. Ananunua huduma ya siku hiyo, na akishatoka langoni hadaiwi kitu.

Mpaka wa mzigo wa mwanachama umekwishaamuliwa zamani. Katika kesi ya klabu moja ya Australia iliyofikishwa mbele ya majaji wa rufaa jijini London, ilitamkwa mwaka 1903 kwamba mwanachama wa klabu ya kawaida hawajibiki kulipa zaidi ya ada aliyokubali, isipokuwa kama katiba ya klabu imesema vyengine. Uamuzi huo una maana kubwa kwa mweka hazina. Ikiwa fedha hazikutosha, hawezi kuwageukia wanachama mwishoni mwa mwaka na kuwadai nyongeza wasiyoikubali. Kwa hivyo ada haina budi kukadiriwa sawasawa tangu mwanzo wa mwaka.

Uingereza ina jumuiya mbili kubwa ambazo klabu nyingi za farasi ziko chini yake. Ya kwanza ni Pony Club, iliyoanzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya vijana, ikiwa tawi la taasisi iliyoitwa Institute of the Horse. Tangu mwaka 1997 imekuwa taasisi ya hisani inayojitegemea, na huandikisha wanachama hadi umri wa miaka 25. Ya pili ni British Horse Society, iliyoundwa mwaka 1947 kwa kuunganisha Institute of the Horse na National Horse Association. Chini yake zimo klabu za wapandaji zilizoenea nchini kote. Mtu anayejiunga na klabu ya mtaani kwake mara nyingi hulipa ada ambayo sehemu yake hubaki mtaani na sehemu nyengine hupelekwa makao makuu.

2. ADA INALIPIA NINI

Gharama za michezo ya farasi ziko za aina mbili, na anayezichanganya hawezi kuelewa bei.

Aina ya kwanza ni gharama zisizobadilika. Hizi hulipwa hata kama mvua imenyesha mwezi mzima na hakuna aliyepanda. Humo imo kodi ya ardhi, matengenezo ya uzio na uwanja wa mchanga, ununuzi wa viunzi vya kurukia, malipo ya bima, na ada ya klabu yenyewe kwa jumuiya ya kitaifa. Pale ambapo klabu au kituo kina farasi wake, gharama hizi huongezeka sana. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huhitaji majani makavu ya takriban kilo 10 kila siku, awe amefanya kazi au amesimama bandani. Kwato zake huhitaji kukatwa, na kupigiliwa chuma kipya ikiwa huvaa chuma, kila baada ya wiki sita hadi nane. Chanjo zake zina tarehe, na meno yake hukaguliwa. Gari likikosa abiria huegeshwa likatulia. Farasi akikosa mpandaji huendelea kula.

Aina ya pili ni gharama za siku: malipo ya mwalimu kwa somo, taa za uwanja wakati wa usiku, waamuzi na daktari wa wanyama siku ya mashindano. Hizi huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka, na ni haki kila anayeshiriki azilipie, mwanachama na mgeni sawasawa.

Kwa utaratibu mzuri, ada ya mwaka hubeba aina ya kwanza, na malipo ya siku hubeba aina ya pili. Tatizo huanza mgeni anapolipa gharama za siku peke yake. Mtu huyo anautumia uwanja, uzio, viunzi na bima ya mwaka mzima bila kuchangia hata senti moja. Mmoja hadhuru. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Wakiwa wengi, wanachama watakuwa wanawalipia watu wengine mchezo wao.

Ipo michango mingine isiyoonekana katika risiti. Katika klabu za Ujerumani ni desturi katiba kumtaka kila mwanachama atoe saa kadhaa za kazi kwa mwaka: kupaka rangi viunzi, kusafisha mabanda, kusaidia siku ya mashindano. Asiyefanya kazi hiyo hulipa fedha badala yake kwa kila saa aliyokosa. Nchini Uingereza matawi ya Pony Club huendeshwa kwa sehemu kubwa na wazazi wanaojitolea. Mgeni wa siku moja hatakiwi kufanya hayo, na malipo yake ya juu ni fidia ya jasho ambalo hakulitoa.

3. BIMA NA HATARI

Sababu ambayo wageni wengi hawaijui, na ambayo kamati haziwezi kuipuuza, ni bima.

Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971 ya Uingereza, mwenye kumtunza mnyama anaweza kuwajibika kwa madhara yaliyosababishwa na mnyama huyo hata kama hakufanya uzembe wowote. Ukali wa sheria hiyo ulidhihirika katika kesi iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 2003. Farasi kadhaa katika jimbo la Devon walishtushwa usiku na kitu ambacho hakikujulikana, wakavunja uzio wa shamba na kukimbilia barabara kuu. Mmoja wao aligongana na gari na dereva akaumia vibaya. Mahakama ilikubali kwamba uzio ulikuwa wa kutosha na kwamba wenye farasi hawakufanya kosa. Pamoja na hayo, majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba watunzaji hao walipe fidia, kwa kuwa kukimbia kwa hofu ndiyo tabia ya farasi aliyeshtuka, na watunzaji walikuwa wakiijua.

Tangu hapo hakuna kamati makini inayomruhusu mtu uwanjani bila kujua nani atalipa likitokea jambo. Mwanachama kwa kawaida ameingizwa katika bima ya jumuiya. Baadhi ya madaraja ya uanachama wa British Horse Society, kwa mfano, yanajumuisha bima ya madhara kwa watu wengine pamoja na ya ajali ya mwanachama mwenyewe. Mgeni anaweza kuwa na bima yake au asiwe nayo. Ndiyo maana mgeni hujaziwa fomu, huulizwa cheti cha bima, au hutakiwa kununua kibali cha siku ambacho ndani yake imo bima. Anayekodisha farasi kibiashara, au kufundisha upandaji kwa malipo, naye amefungwa na sharti la leseni ya serikali ya mtaa. Sheria ya mwaka 1964 ilianzisha leseni hizo, ile ya mwaka 1970 ikaongeza lazima ya bima, na England ilizibadilisha kwa kanuni mpya za mwaka 2018 ambazo zimeendelea kuidai bima hiyo.

4. NAMNA TOFAUTI INAVYOKADIRIWA

Ili hesabu ieleweke, tuchukue klabu ya kubuni. Gharama zake zisizobadilika ni pauni 24,000 kwa mwaka, na wanachama wake ni 200. Bila ya wageni kabisa, kila mwanachama atalipa pauni 120.

Sasa tuseme gharama ya siku moja uwanjani ni pauni 8 kwa kila mpandaji. Mwanachama anatozwa pauni 8 hizo, na mgeni pauni 15. Tofauti ni pauni 7. Ikiwa kwa mwaka mzima wageni watautumia uwanja mara 1,000, klabu itapata pauni 7,000 za kusaidia gharama zisizobadilika. Mzigo wa wanachama utashuka hadi pauni 17,000, na ada ya kila mmoja itakuwa pauni 85 badala ya 120. Wageni wamesaidia, na hawakukamuliwa.

Hesabu hiyo hiyo inamwambia mgeni lini ajiunge. Akigawa ada ya pauni 85 kwa tofauti ya pauni 7 atapata siku 12 na kidogo. Anayepanda mara moja au mbili kwa mwaka ni afadhali abaki mgeni. Anayekuja kila wiki mbili atakuwa amefidia ada yake katikati ya mwaka, na hana sababu ya kubaki nje. Hicho ndicho kipimo kizuri cha tofauti: imwache mpitaji aonje kwa bei ya kuvumilika, na imuelekeze mtumiaji wa kila mara kwenye daftari la wanachama.

Tofauti ikiwa ndogo mno, klabu hudhoofika bila kelele. Tuseme mgeni analipa pauni 10 tu, na ada ni pauni 120. Ingempasa apande siku 60 ndipo ada imlipe. Wenye hesabu nzuri watajitoa na kurudi wakiwa wageni. Wanachama wakibaki 100, ada yao itakaribia maradufu. Wengine watajitoa kwa sababu ya ada hiyo mpya, na mwisho watabaki wachache wanaoubeba uwanja unaotumiwa na wengi. Klabu zilizokufa kwa njia hii hazikufa kwa kukosa wapandaji.

Tofauti ikiwa kubwa mno, madhara ni ya namna nyengine. Mgeni akitozwa pauni 60 hatarudi, na asiyerudi hatakuwa mwanachama kesho. Klabu itakuwa ya watoto wa wanachama peke yao, na jamii iliyoizunguka itaitazama kama mali ya watu wengine. Hapo ndipo sheria inapoingia.

5. SHERIA INAVYOMTAZAMA MWANACHAMA NA MGENI

Msingi wa zamani katika sheria ya kodi ya Uingereza ni kwamba mtu hawezi kupata faida kutokana na mfuko wake mwenyewe. Watu wakichanga, wakatumia, na kikabaki kitu, mabaki hayo ni fedha zao walizozidisha kuchanga na hayatozwi kodi ya mapato. Lakini fedha za mgeni hazimo katika mfuko huo.

Jambo hilo liliamuliwa mwaka 1913 katika kesi ya klabu ya gofu ya Carlisle and Silloth. Klabu hiyo ilikuwa imekodishiwa ardhi na kampuni ya reli kwa sharti kwamba iruhusu wageni kucheza kwa malipo. Ilidai kwamba haifanyi biashara, kwani ni klabu. Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba kwa upande wa wanachama ni klabu, na kwa upande wa wageni inauza huduma, na faida ya upande huo itozwe kodi. Kesi ilikuwa ya gofu, lakini kanuni yake huzifikia klabu za farasi vile vile. Kila mweka hazina anayetenganisha katika daftari lake fedha za wanachama na za wageni anafuata njia iliyochorwa mwaka huo.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilileta suala jengine. Sheria za Jumuiya ya Ulaya ziliisamehe kodi hiyo huduma ya michezo inayotolewa na chombo kisichogawana faida. Uingereza ikaupunguza msamaha huo: klabu yenye wanachama ilisamehewa kwa wanachama wake tu, na mwanachama aliyehesabiwa ni yule aliyeandikishwa kwa muda usiopungua miezi mitatu. Sharti la miezi mitatu lilikusudiwa kuziba mwanya wa kumpa mgeni kadi ya uanachama wa siku moja ili kukwepa kodi. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya bei kubwa aliyolipa mgeni haikuwa ya klabu hata kidogo. Tangu mwaka 2011 kodi hiyo imekuwa asilimia 20. Kati ya kila pauni 36 alizotoa mgeni, pauni 6 zilikwenda Serikalini.

Klabu ya gofu ya Bridport and West Dorset ililipinga jambo hilo, na tarehe 19 Disemba 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kinachosamehewa ni mchezo wenyewe unaotolewa na chombo kisichogawana faida, na kwamba nchi haiwezi kumtenga mchezaji kwa sababu tu si mwanachama. Uingereza ilirekebisha sheria yake kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Tangu hapo, klabu isiyogawana faida haina tena haki ya kumwambia mgeni kwamba bei yake ni kubwa kwa sababu ya kodi hiyo. Sababu za halali zilizobaki ni zile zilizoelezwa juu: mzigo wa mwaka, bima na kazi ya kujitolea.

6. MLANGO UWE WAZI

Serikali inaposamehe kodi, wananchi wote wanachangia, wakiwemo ambao hawajapata kumgusa farasi. Kwa hivyo ni haki yao kuuliza kama mlango wa klabu iliyosamehewa uko wazi kwao.

Uingereza ilianzisha mwaka 2002 utaratibu wa Klabu za Michezo ya Ridhaa za Jamii. Klabu iliyosajiliwa humo hupata nafuu ya asilimia 80 katika kodi ya majengo inayotozwa na serikali ya mtaa, pamoja na misamaha mingine. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2015 zimeweka masharti kwa tarakimu, na yaliyo muhimu ni haya:

(a) Klabu inayotoza uanachama zaidi ya pauni 31 kwa wiki, yaani pauni 1,612 kwa mwaka, haisajiliwi.

(b) Klabu inayotoza zaidi ya pauni 10 kwa wiki, yaani pauni 520 kwa mwaka, ni lazima iwe na utaratibu wa kuwasaidia wasioweza kulipa, kwa mfano punguzo la ada.

(c) Angalau nusu ya wanachama wawe ni washiriki wa mchezo, si watu wa kukaa na kunywa tu.

(d) Mapato kutokana na biashara na wasio wanachama, pamoja na kodi za mali, yasizidi pauni 100,000 kwa mwaka.

(e) Klabu ikivunjwa, mali iliyobaki isigawanywe kwa wanachama, bali iende kwenye michezo au kazi za hisani.

Ukiyatazama masharti haya kwa pamoja utaona kwamba yanailinda klabu isipotee kwa pande mbili. Sharti la kwanza na la pili linaizuia kuwa ya matajiri peke yao. Sharti la nne linaizuia kuwa duka linalojificha nyuma ya jina la klabu. Ada na malipo ya wageni ni vitu viwili katika mizani moja. Kimoja kikizidi, usajili unaweza kupotea pamoja na nafuu zake.

Ujerumani imefuata njia hiyo hiyo kwa hesabu zake. Watu saba wanatosha kusajili chama cha wapandaji. Lakini chama kinachotaka kutambuliwa kuwa cha manufaa ya umma hakina budi kuwa wazi kwa umma, na kwa miaka mingi wastani wa ada haukuruhusiwa kuzidi Euro 1,023 kwa mwanachama kwa mwaka, na wastani wa kiingilio Euro 1,534. Tarakimu hizo zisizo mviringo zilitokana na Marki 2,000 na 3,000 za zamani zilipobadilishwa kuwa Euro.

Marekani nayo inapima upande wa wageni zaidi. Tangu mwaka 1976, klabu ya starehe na burudani inayosamehewa kodi ya shirikisho inaruhusiwa kupata hadi asilimia 35 ya mapato yake nje ya wanachama, na katika hizo, zisizidi asilimia 15 kutokana na umma kutumia vifaa vyake. Ikizidisha, inaweza kuhesabiwa kuwa ni biashara kama biashara nyengine. Katika mashindano yanayosimamiwa na shirikisho la kitaifa la michezo ya farasi nchini humo, asiyekuwa mwanachama hulipia kibali kwa kila shindano, na anayeshindana mara nyingi huona mwenyewe kwamba uanachama wa mwaka ni nafuu.

7. MTOTO ASIYEKUWA NA FARASI

Yote hayo yakisemwa, ipo gharama ambayo hakuna ada inayoigusa: farasi mwenyewe. Klabu nyingi za wapandaji nchini Uingereza hazimiliki farasi hata mmoja. Mwanachama huja na wake. Kwa hivyo klabu inaweza kuwa na ada ndogo kabisa na bado ikawa imefungwa kwa wengi, kwa kuwa anayepaswa kulisha farasi kila siku ni familia.

Pony Club imelijibu jambo hili kwa kuwa na vituo mbali na matawi. Kituo ni skuli ya kupanda farasi inayoandikisha watoto wasiokuwa na farasi wao, nao hujifunza na kufanya mitihani ya jumuiya kwa kutumia farasi wa kituo. Mtoto huyo hulipa ada ya uanachama pamoja na gharama za masomo. Hapo mzigo wa farasi mmoja, badala ya kubebwa na nyumba moja, hugawanywa kwa watoto wengi. Kwa hakika hilo ndilo lengo la klabu tangu mwanzo: mzigo uliomshinda mmoja uwe mwepesi mabegani mwa wengi.

8. MAMBO YA KUULIZWA KABLA YA KULIPA

Anayekusudia kujiunga na klabu, au kuitumia akiwa mgeni, anashauriwa kuuliza yafuatayo na kupata majibu kwa maandishi:

(a) Ada ya mwaka inajumuisha nini, na sehemu gani inapelekwa kwa jumuiya ya kitaifa.

(b) Kipo kiingilio cha mara moja, na kinarudishwa au hakirudishwi.

(c) Bima inamlinda nani: mpandaji, farasi, mtu wa tatu, au wote, na inaanza siku gani.

(d) Mgeni anaruhusiwa mara ngapi kabla ya kutakiwa ajiunge.

(e) Yapo madaraja nafuu kwa watoto, familia, wazee, au wasiomudu ada kamili, na yanaombwa vipi.

(f) Zipo saa za kazi za lazima, na asiyezifanya anatozwa nini.

(g) Hesabu za mwaka uliopita zilisomwa lini mbele ya wanachama.

Kamati kwa upande wake inashauriwa kubandika bei zote mbili mahali pa wazi, pamoja na sababu ya tofauti yake. Kutenganisha katika vitabu vya hesabu fedha za wanachama na za wageni. Na kuipitia tofauti hiyo kila mwaka katika mkutano mkuu badala ya kuiacha iamuliwe na mtu wa langoni. Mgeni aliyeelezwa kwamba pauni saba za ziada ni za uzio, bima na mchanga anaweza kuzilipa bila kinyongo, na akishazilipa mara kadhaa huenda mwenyewe akaomba fomu ya kujiunga.